Rudisheni Kibao cha Chini ya Chungu

Juma lililopita nilipita makumbusho kuwasalimia, kama anavyofanya mstaafu aliyechoka kusikia redio ya jirani kutwa nzima. Mlinipokea vizuri, siwezi kusema uongo. Mlinipa kiti, mkanipa soda baridi, mkaniita Mama Gode kama zamani. Halafu nikaingia chumba cha vitu vya nyumbani, nikaenda moja kwa moja kwenye chungu cha Mama Véro, na nikaona kwamba kile kibao cha mviringo kilichokuwa chini yake hakipo. Chungu kimekaa juu ya sokle, lile sanduku refu la mbao tunalowekea vitu vya maonyesho, kimebandikwa kwa nta, kinapendeza. Nikauliza kibao kiko wapi. Trésor, ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha kushika brashi ya kusafishia vinyago, akanijibu kwa heshima zote kwamba kibao kilikuwa hakina kazi. Kilikuwa kinaharibu sura. Pamoja na kile kijiti kilichochomekwa pembeni yake, vyote vimetolewa.

Hakina kazi! Niliinywa ile soda yote bila kupumua ili nisipate nafasi ya kujibu.

Kwa hiyo ninaandika, mimi niliyeapa kwamba nikistaafu sitashika kalamu tena. Julai inakaribia. Julai ule ukoo utakuja kuchukua chungu chao kama kila mwaka, na safari hii atakayekiinua si Mama Véro, ni binti yake Clarisse, ambaye hajawahi kukiinua. Bila kile kibao, Clarisse atavuta, kitako cha chungu kitabaki kimeng'ang'ania sokle, na yeye atabaki ameshika mdomo na shingo mbele ya mama zake wadogo wote. Nawajua hao kina mama. Someni basi mpaka mwisho, hata pale nitakapokuwa ninazunguka, maana nikiwaambia tu "rudisheni" mtasema mama mzee amekasirika, mtacheka, na mtasahau.

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuja na viatu vya kisigino kirefu. Nilikuwa nimeajiriwa kuandika vibandiko vya maelezo kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri, na nilidhani makumbusho ni ofisi. Papa Évariste, fundi wa maonyesho, alinisikia nikija tangu mlangoni. Hakunisalimu. Alinyoosha kidole kwenye kabati la vioo, nikaona kikombe cha udongo ndani kinatikisika kila ninapokanyaga. Nikavua viatu. Asubuhi yote nilifanya kazi pekupeku juu ya sakafu ya saruji, mwezi wa sita, baridi inapanda mpaka magotini, na Papa Évariste hakuonyesha huruma yoyote.

Huyo mzee kabla ya kuja kwetu alikuwa akitengeneza meno ya bandia. Nta aliijua tangu huko, kwa sababu meno ya bandia huanzia kwenye nta. Alinipa bonge la ile nta laini, nyeupe iliyofifia, akaniambia nifinyange vidonge vya ukubwa wa punje ya haragwe. Nikafinyanga, vikapasuka. Nikafinyanga tena, vikapasuka. Akaniuliza kama kwetu hatuli bukari. Nilikasirika, nikamwambia tunakula, tena ya muhogo na ya mahindi. Akasema basi nishike nta kama ninavyoshika tonge la bukari kabla ya kulitia kwenye mchuzi: nilipashe moto kwanza mkononi, nilizungushe bila haraka, lisiwe na ufa hata mmoja. Mpaka leo sijui namna bora ya kulifundisha jambo hili, na bado kuna kati yenu wanaofinyanga nta kama wanafinyanga tofali.

Yale mengine ya nta mnayajua, au mnadai mnayajua. Vidonge vitatu, si vinne, kwa sababu kitu chenye miguu mitatu hakiyumbi. Unavibandika kwenye kitako, unakiweka kitu mahali pake, unakikandamiza ukikizungusha kidogo mpaka usikie kimeshika. Mti na udongo vinakunywa mafuta ya nta, kwa hiyo kwanza unapaka ule utando mwembamba unaotoka kwa spiriti, unaacha ukauke, ndipo nta. Oktoba, joto linapobana kabla ya mvua, nta inalegea, unaipima kila wiki. Julai inakuwa ngumu kama sabuni ya kufulia, unaipasha kwa kiganja. Na kukitoa kitu, hukivuti. Narudia kwa faida ya wale wanaosoma huku wanatazama simu: hukivuti juu. Unakishika chini, karibu na kitako, unakizungusha taratibu mpaka nta iachie, ndipo unainua. Ukivuta, nta inashinda na udongo unapasuka. Hayo ndiyo maarifa yote, yanaingia katika nusu saa, na mimi nimeyasema kwa muda mrefu kuliko umri wa baadhi yenu.

Na kwa nini tunajisumbua? Wageni kutoka nje huwa wanatuuliza kwa kutabasamu, eti Lubumbashi nako kuna matetemeko ya ardhi? Yapo. Yanatoka huko kwenye maziwa, yanatufikia yamechoka, lakini yanafika. Ila adui wetu wa kila siku si hayo. Ni baruti za migodi. Wanapasua mwamba upande wa Ruashi, na sisi huku tunasikia dirisha linasema neno moja dogo, basi. Watu wameshazoea, hata hawainui kichwa. Vitu vya makumbusho havizoei. Papa Évariste alinionyesha duara la vumbi chini ya kinyago kimoja: duara liko hapa, kinyago kiko pale, kimeshatembea upana wa kidole bila mtu kukigusa. Kingine kilikuwa kimejigeuza kidogo kidogo mpaka kikawa kinaangalia ukuta, kama mtu aliyenuna. Hakuna aliyekiona kikigeuka. Ndiyo maana tunabandika.

Wafagiaji walikuwa wakiniua. Kila anayeajiriwa huanza kwa kuinua vitu ili afute vumbi chini yake, na akiona kitu hakiinuki anaongeza nguvu. Nimeomba, nimegomba, nimebandika makaratasi, nimelia mbele ya watu. Wakuu wetu nao, Mungu awasamehe, kila mmoja alifika na wazo lake. Mmoja alitaka tutumie ile gundi ya kuunganishia soli za viatu, kwa sababu inashika kwa dakika moja. Nikamuuliza inaachia kwa dakika ngapi. Akasema nina dharau.

Sasa tufike kwenye chungu.

Mama Véronique alikuja siku ya mvua, amekifunga chungu mgongoni kwa kikwembe kama mtoto. Alikuwa mama wa Kikatoliki, mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya chini. Wazazi wake walitoka upande wa Kabalo. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli, na walipohamishiwa Lubumbashi mama yake alisafiri kwenye behewa amekipakata hicho chungu njia nzima, kwa sababu alikuwa amekifinyanga kwa mikono yake na hakutaka kumwachia mtu. Ni chungu cha munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi na mizizi. Upande mmoja kimechorwa mistari ya kukwaruza, na ule upande wa mistari ndio uso wake.

Jamaa yao wana desturi ambayo sijaikuta kwa wengine. Kila Julai, siku ya kumkumbuka marehemu mama yao, wanatoka misa, wanamimina munkoyo humo, na binti mkubwa anakiinua chungu mpaka kifuani na kukipitisha kwa ndugu wote wanywe. Kwa muda wote huo uso wa chungu unawaangalia watoto. Anayekibeba anatembea kinyumenyume ikibidi, lakini chungu hakizungushwi. Kikizungushwa, ni mama amewapa watoto mgongo. Tangu alipofariki hakijazungushwa hata mara moja, na Mama Véro, binti mkubwa, ndiye aliyekuwa anakiinua.

Alituletea kwa sababu nyumba yake ilikuwa Ruashi, karibu na mgodi, na baruti zilikuwa zimeshapasua ukuta wa jikoni. Chungu chenyewe kilikuwa kimeshapata ufa kitakoni. Wadogo zake walikataa katakata. Walisema mama yao hapelekwi kusimamishwa mbele ya watu wanaokata tiketi. Yeye kama mkubwa akaamua, akakileta, kwa masharti mawili: kisifungiwe ndani ya kioo, na kila Julai wakichukue. Tukakubali. Nikataka kukibandika siku ile ile. Mkurugenzi wetu wa wakati ule akakataa, kwa sababu nta ilikuwa imeacha alama ya njano kwenye chombo chake cheupe cha kauri cha kuwekea maua, kile alichokuwa amekiweka kwenye meza ya mapokezi. Nta ni uchafu, akasema. Chungu kina uzito wake, kitakaa. Nilieleza kuhusu baruti, nilieleza kuhusu duara la vumbi, nilieleza kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Ni kazi bure. Kikawekwa juu ya kitambaa cha sufu, uso mbele.

Mnajua kilichotokea, kwa sababu mnaijua nta. Haikupita miezi mingi, mdogo wake Mama Véro akaja na wenzake wa kwaya kukitembelea, akakikuta kinaangalia ukuta.

Kilio kilichopigwa mle ndani kiliwatoa watu wa ofisi zote. Mimi nilifika nikamkuta yule mama amepiga magoti, anauliza mgongo wa chungu wamekosa nini. Siku hiyo hiyo simu zilikwenda Kipushi, zikakwenda Mokambo, zikakwenda mpaka Kabalo. Kikao cha ukoo kikaitishwa. Neno likawa moja: Véronique amemwuza mama, na mama amegeuka. Wakaamua kwamba ikifika Julai chungu hakishikwi na yeye tena, anakishika yule anayemfuata, na chungu kinaondoka makumbusho. Kwao hilo si jambo dogo. Anayekiinua chungu ndiye mama wa wote. Anayenyang'anywa anabaki shangazi wa kukaa pembeni kwenye sherehe.

Kesho yake Mama Véro alikuja peke yake. Alikuwa hajalala, macho yalisema. Hakupiga kelele, na hilo liliniumiza zaidi.

"Mama Gode, sema ukweli," akaniambia. "Nani njo amemugusa mama yangu?"

Nikamwambia hakuna mtu. Nikamwambia ni baruti. Akaniangalia kama mtu anayeangalia muuza dawa wa sokoni.

"Baruti banapasua kila siku," akasema, "na kwangu ku nyumba bikombe haiangaliake ukuta."

Nikamwonyesha duara la vumbi. Halikumwambia kitu. Basi nikachukua punje ya mahindi, nikaiweka juu ya sokle, imegusana na mstari wa kwanza wa uso wa chungu. Akaketi sakafuni mbele yake, miguu ameinyoosha, rozari mkononi. Alikaa pale asubuhi nzima, wageni wakimzunguka kama sehemu ya maonyesho. Kuelekea mchana dirisha likasema neno lake dogo. Tukainama wote wawili. Kati ya punje na mstari palikuwa na nafasi, nyembamba kama uzi, lakini ilikuwapo. Mama Véro aliiangalia kwa muda mrefu, kisha akafuta uso kwa ncha ya kikwembe.

Yeye aliamini. Wadogo zake hawakuamini, na siwalaumu, nani angeamini habari ya punje ya mahindi? Ila walikubali jambo moja: chungu kibaki mpaka Julai, na kama mama hatageuka tena, Véronique atakiinua. Akageuka hata kidogo, basi. Mama Véro akanishika mikono akaniomba nikifunge kisigeuke kamwe. Mkurugenzi alikuwa safarini, Mungu apewe sifa, kwa hiyo sikuwa na wa kumwuliza.

Nilikibandika mwenyewe. Nilikigeuza juu chini kwenye mto wa mchanga na nikakuta shida: kitako kilikuwa na mabonde, udongo umekwaruzika, na ule ufa unapita katikati. Pa kuweka vidonge viwili palipatikana. Cha tatu hakikuwa na mahali isipokuwa kwenye kishimo kimoja laini, na nilipokimulika kwa tochi nikaona ni alama ya dole gumba. Mama aliyekifinyanga alikibonyeza hapo udongo ukiwa mbichi, na mistari ya ngozi yake ilikuwa ingali inaonekana. Nilisita. Halafu nikapaka utando, nikaujaza ule mkono wa marehemu nta, kwa sababu mahali pengine hapakuwapo. Nikakisimamisha chungu, uso mbele, na nikaongeza mifuko ya mchanga ndani ya sokle mpaka ikawa nzito kama jiwe la kaburi. Nilitaka kuona baruti itakayoitikisa hiyo.

Haikutikiswa na baruti, ilitikiswa na tetemeko lenyewe. Ilikuwa saa za kazi. Sakafu ilitembea chini yetu, mbwa wa mtaa mzima wakabweka, mlango wa ghala ukafunguka wenyewe. Watu walikimbilia nje. Mimi, kwa ujinga wangu, nilikimbilia chumba cha vitu vya nyumbani. Vyungu vyote vilikuwa vinaimba mahali pake, vimeshikwa na nta ya tangu kabla ya Mkurugenzi huyo, na cha Mama Véro kilikuwa kinaniangalia usoni. Kilichovunjika katika jengo lote ni kile chombo cheupe cha kauri cha meza ya mapokezi. Sitaongeza neno. Aliporudi, Mkurugenzi alitoa amri kwamba kila kitu kibandikwe nta, na aliitoa kama mtu aliyeigundua yeye.

Ikaja Julai. Walikuja baada ya misa, wamevaa vikwembe vya sare moja, wadogo watatu na waume na wajukuu, wamejaa chumba kizima. Wakakagua. Uso wa chungu ulikuwa pale pale. Yule mdogo wa kwaya alikitazama kutoka kulia, akakitazama kutoka kushoto, mwisho akatikisa kichwa kwamba sawa, Véronique ainue. Nikaona mabega ya Mama Véro yanashuka kama mtu aliyetua mzigo. Akasogea, akakumbatia chungu. Nikamwambia asubiri, nikitoe kwenye nta kwanza. Nikaweka mikono chini kwenye kitako, tayari kuzungusha.

Akanishika mkono. Kwa nguvu.

"Usimugeuze, Mama Gode."

Jamani, sikuwa nimefikiri hilo. Wala yeye, wala mtu yeyote. Tulikuwa tumehangaika miezi yote chungu kisigeuke, na sasa njia ya kukitoa ni kukigeuza. Nikamnong'oneza kwamba ni robo tu, ni kidogo, hata hawataona. Akasema yeye ataona. Nikajaribu uzi wa nailoni, ule tunaoupitisha chini ya kitu ukate nta kama unakata sabuni. Uzi ukaingia kwenye ufa ukanasa. Ningeuvuta tena, kitako kingeachana. Nikautoa polepole, jasho linanitoka katika baridi ya Julai. Nta ilikuwa ngumu. Nyuma yangu kina mama walikuwa wameanza kunong'ona, na niliyasikia maneno: amemfunga. Véronique amemfunga mama kwenye sanduku. Mwingine akasema kama hatoki, ni yeye amekataa kubebwa naye. Mkurugenzi alikuja akaniambia sikioni nivute tu, nimalize, wageni wanangoja. Nilimwangalia kwa namna ambayo alirudi nyuma.

Mama Véro alikuwa bado amekikumbatia chungu, shavu karibu na mdomo wake. Alikuwa analia bila sauti. Halafu akatazama chini, kwenye sokle, akaitazama kama aliyemwona mtu anayemfahamu.

"Mama abakie," akasema. "Ile kintu ya chini njo itembee."

Niliitazama sokle, nikaitazama nta. Kisha nikaanza kucheka, na nilipocheka nilikasirika, kwa sababu kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimezungusha vitu juu ya meza na haikunipitia akilini hata siku moja kuzungusha meza.

Tatizo lilikuwa ile mifuko ya mchanga, niliyoijaza mwenyewe. Sokle haikusogea. Tukawaita waume, waume wakavua makoti. Haikutosha. Nikamtazama Mkurugenzi. Nampa haki yake: alivua koti lake zuri, akalikunja, akampa mjukuu mmoja alishike, akapiga magoti kwenye saruji na suruali yake ya misa akaweka bega. Mama Véro alipanua miguu, akakaza mikono, chungu kimetulia kifuani kwake kama kimeota mizizi, uso unawaangalia wadogo zake. Mimi nilikuwa nimelala chini natazama nta. Nikasema sasa. Sanduku lote likalia kwenye sakafu, likazunguka, likasimama, likazunguka tena kidogo. Nikasikia nta inaachia, kidonge kimoja, cha pili. Cha tatu kilichelewa. Mama Véro akafumba macho. Kikaachia.

Akainua. Kitako kizima, ufa wake vilevile, uso mbele. Yule mdogo wake wa kwaya ndiye alipiga vigelegele kwanza.

Walipomaliza kunywa, munkoyo ikapita mpaka kwangu, na mpaka kwa Mkurugenzi mwenye magoti meupe ya vumbi. Wakati wa kukirudisha nikakisafisha kitako. Vidonge viwili vilitoka vimebonyea, nikavitupa kwenye mkebe vifinyangwe tena, kama kanuni inavyosema. Cha tatu kilitoka kizima kutoka kwenye kile kishimo. Nikakigeuza. Dole gumba la mama yao lilikuwa limesimama juu ya nta, mistari yote, hata kovu dogo la pembeni. Nilimwekea Mama Véro kiganjani. Alikaa nacho muda mrefu akikigusa kwa ncha ya kidole, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo kama ni mali ya Serikali. Nikamwambia hapana. Akakifunga kwenye pindo la kikwembe chake akaenda.

Baada ya hapo nikaenda kwa fundi seremala akakata kile kibao cha mviringo. Chungu kinabandikwa juu ya kibao. Kibao kinakaa juu ya sokle, na kijiti kinakizuia kisizungushwe na baruti. Julai mnatoa kijiti, binti mkubwa anashika chungu, mmoja wenu anazungusha kibao chini yake, taratibu, mpaka nta iachie. Chungu hakisogei. Mtu mmoja anatosha, na hakuna haja ya Mkurugenzi kupiga magoti, ingawa naona si vibaya wakurugenzi wakifanya hivyo mara moja moja. Ndivyo tulivyofanya kila mwaka mpaka nilipopewa saa ya ukutani na kuambiwa nikapumzike, kama vile sasa ndiyo ninahitaji kujua ni saa ngapi.

Mama Véro amefariki mwaka huu, wakati wa mvua. Nilikwenda matangani Ruashi. Clarisse alinivuta chumbani, akafungua kisanduku cha rozari cha mama yake, akanitolea kile kidonge cha nta. Upande mmoja dole gumba la bibi bado linaonekana. Upande wa pili, ule uliokuwa bapa, umekuwa na bonde, laini, linang'aa. Clarisse akanieleza kwamba mama yake alikuwa akikishika kila aliposali, kila siku, kwa miaka yote, na nta ni laini, inapokea. Nikaweka dole langu kwenye lile bonde. Lilipwaya, lake lilikuwa nene kuliko langu.

Clarisse alikuwa anaogopa. Aliniuliza kama pale makumbusho mnajua namna ya kukizungusha kibao, maana mimi sitakuwapo, na mama zake wadogo watakuwa wanamwangalia. Nikamwambia asihofu. Nikamwambia watoto wangu wa kazini wanajua, nimewafundisha mwenyewe.

Sasa, Trésor. Kibao kiko wapi?